Chuma, Alumini na Meza ya Mlangoni

Mzee Cheche alichomelea vyuma kwa miaka thelathini na miwili, na kila nati aliyoikaza aliitia doa la rangi nyekundu. "Nati isiyo na doa haijakazwa," alikuwa akisema, hata iwe ya kiti cha jikoni. Kikopo cha rangi na brashi iliyobakiza nywele tano vilikaa mfukoni mwake kila aendako.

Alifanyia kazi kwenye meza ya mlangoni mwa karakana, na meza hiyo ndiyo iliyoleta ugomvi. Binti yake, fundi kama yeye, aliitaka. Mlangoni kuna mwanga, na ndipo mteja anapofikia kwanza. Binti alikuwa amebanwa nyuma, kwenye mapipa ya oili, miezi sita akitengeneza fremu ya alumini ya pikipiki ya magurudumu manne, zile za mashindano.

"Alumini ni ya masufuria," baba alimwambia.

"Na chuma ni cha mageti, baba. Fremu yangu ni nyepesi kuliko yako kwa kilo tano."

"Nyepesi, lakini haina huruma! Chuma kinanesa kidogo, kinameza mashimo. Hiyo yako itamtikisa mtu mpaka meno."

"Isiyonesa ndiyo inayotii usukani."

Mwisho wakakubaliana: Jumamosi, kwenye machimbo ya kokoto, pikipiki ya chuma ya baba na ya alumini ya binti, mwendeshaji mmoja, mizunguko mitano kwa kila moja. Mshindi atachukua meza. Mwendeshaji alikuwa Vumbi, mume wa binti. Maskini Vumbi! Huku mke, huku baba mkwe. "Mimi nitajitahidi sawasawa kwa zote mbili, baba," alisema, macho kwenye viatu.

Cheche alijigamba kwelikweli, lakini moyoni aliogopa. Akihamia kwenye mapipa, wateja wangemsalimu kwa mbali tu, kisha wangemsahau.

Jumamosi asubuhi, kabla ya shindano la mchana, Vumbi akaijaribu kwanza ya alumini. Kwenye njia iliyonyooka ilipaa, lakini kila ilipofika kona iliruka-ruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Binti akapiga magoti kwenye kokoto, akapapasa kila kiungo alichokichomelea, akitafuta ufa. Hakuuona, kwa sababu haukuwapo.

Cheche aliuona ugonjwa akiwa pale pale alipokaa. Springi zilikazwa mno. Binti alifuata kipimo alichofundishwa na baba yake mwenyewe, na kipimo kile kilikuwa cha fremu nzito za chuma. Fremu nyepesi juu ya springi ngumu itaachaje kuruka? Kosa halikuwa la alumini. Lilikuwa lake yeye, na alikuwa amemrithisha mwanawe.

Alifurahi. Tusimsingizie utakatifu: alifurahi kwa muda wa kumaliza kikombe kizima cha chai. Kisha akamwona binti bado yuko magotini, akiipapasa ile fremu kama mama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa, na furaha yote ikamwisha. Damu ni nzito kuliko maji.

"Nendeni mkale," akawaambia wale wawili. "Mimi nitalinda."

Walipogeuza migongo tu, akachomoa spana, akalegeza springi zote nne, akarudi kukaa kama si yeye.

Mchana, chuma kilitangulia, kikayapita mashimo kwa ulaini uliompendeza kila mtu. Dakika kumi na sekunde mbili. Ikafuata alumini. Safari hii iliishika ardhi barabara, ikaingia kona na kutoka bila kuyumba. Dakika tisa na sekunde hamsini na tano. Binti akapiga vigelegele peke yake, akatosha.

Vumbi alishuka akishika taya. "Meno yametikisika, baba hakukosea. Lakini kona! Inageuka kabla sijamaliza kuiwaza."

"Hongera, mwanangu," Cheche akasema harakaharaka, sauti isije ikamsaliti. "Jumatatu nitahamisha vitu vyangu."

Binti akainama kufuta matope. Akaacha kufuta. Siku za mwizi ni arobaini, lakini za mzee huyu zilikuwa saa moja tu: juu ya kila nati ya springi kulikuwa na doa jekundu, bado bichi.

"Baba. Nani ameshika springi zangu?"

"Springi zipi?" akauliza Cheche, kidole gumba kikiwa chekundu mpaka kwenye kiungo.

Binti alicheka hadi akashika mbavu, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka ya kweli. "Ungeziacha zilivyokuwa, ungeshinda."

"Kipimo kibaya nilikufundisha mimi. Nimesahihisha kosa langu. Fremu ni yako, na imenishinda."

"Na meza ni yangu?"

"Ni yako."

"Basi sikiliza amri ya mwenye meza. Hakuna fremu itakayotoka mlangoni pangu bila doa lako. Na kule kwenye mapipa ni giza, huwezi kupaka rangi. Utakaa pale pale mezani, mimi nitasogeza kiti changu kando yako."

Cheche akakitoa kikopo, akakichungulia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Rangi yenyewe inaelekea kuisha," alisema.

"Tutapitia dukani, tununue kopo kubwa."

"Kubwa kiasi gani?"

"La miaka mingi, baba."