Sita Juu

Arafa aliiona karatasi kabla hajaiona bunduki. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na juu yake pamewekwa kikombe cha karak kilichofunikwa kisosi, chai isipoe. Chai hakuigusa. Siku hiyo hakuwa mtu wa kunywa chai ya mlinzi Augustine.

Kwa miaka mitatu Arafa, mwanamke wa Tanga, alikuwa mfagizi katika klabu ya shabaha nje kidogo ya mji wa Al Wukair, ughaibuni. Akimaliza kufagia karakana husimama akatazama, mpaka mafundi wenyewe wakaanza kumwachia afunge darubini kwenye zile bunduki za risasi ndogo. Leo saa tisa alasiri Rodney, Mganda aliyekuwa mkuu wa karakana, angempima: darubini aliyoifunga mwenyewe, risasi tano, bamba la chuma upana wa kisosi, mita mia mbili mbele. Mbili zikilipiga, anauweka ufagio chini. Zisipolipiga, anaurudia.

Asubuhi, kungali na ubaridi, aliifanya kazi hiyo kama anayemvisha mtoto nguo ya Idi. Alifunga pete mbili, akailaza darubini, akaisogeza mbele na nyuma mpaka jicho likaona duara zima bila kivuli. Akaning'iniza uzi wenye jiwe, akaulinganisha na msalaba ulio ndani ya kioo. Akakaza skrubu kwa kupishana, kidogo kidogo. Akalenga, na bamba likalia.

Mchana Milka wa jikoni akamtia neno sikioni.

"Dada Arafa, Augustine ana binamu yake Nakuru anatafuta kazi. Nimemsikia kwenye simu. Na sasa hivi nimemwona ameshika bunduki yako."

"Labda alikuwa anaifuta vumbi."

"Haya. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi simo."

Augustine alikuwa mlinzi wa Kikenya aliyesaidia uwanjani, na zamu yake ya getini ilikuwa imeshaanza. Arafa akaikunjua karatasi: *Nimesongesha sita juu kuna joto. Kofia nimerudisha sifuri. Usiguse tena.*

Akaisoma tena. Pale karakanani hakuna asiyejua: jua likiwaka, risasi hizo ndogo hukimbia zaidi na kupiga juu. Mwenye nia njema hushusha. Huyu amepandisha sita juu, kisha akairudisha kofia ya darubini, ile inayolia tik kila ikizungushwa, kwenye sifuri, pasionekane alama! Na bado anamwambia asiguse.

Arafa akaigusa. Akashusha sita, akihesabu kila mlio. Tik. Tik.

Saa tisa akalala kifudifudi. Risasi ya kwanza ikatimua mchanga chini ya bamba. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, palepale.

"Zinapiga chini, vidole vinne," alisema Rodney. "Pandisha."

"Siiamini tena. Imechezewa."

"Na nani?"

Jina lilimfika ulimini. Alijua likitoka, mwenzake atapewa tiketi ya kurudi kwao. Akakumbuka mwezi wa saba, alipokuwa na homa, Augustine alivyompisha kiti cha kivulini kwenye basi la kampuni, mwenyewe akachomwa na jua mpaka mtaa wa Al Mansoura. Akatoa karatasi, akampa Rodney.

Rodney akaisoma, akautambua mwandiko, akamwita Augustine kwa redio. Alikuja mbio, kofia yake ya ulinzi mkononi.

"Mathe, umepiga? Nilijaribu saa ya chakula, zote zikapita juu ya bamba."

"Zilipita juu, nawe ukapandisha?"

"Nipandishe nini? Nilishusha! Si nimekuandikia, juu kuna joto?"

"Juu!"

"Eeh, juu."

"Juu wapi?"

"Si wapi, mathe. Juu! Yaani kwa sababu! Kwa sababu kuna joto!"

Rodney akacheka mpaka akashika magoti. "Na nyinyi ndio mnatucheka Waganda hatujui Kiswahili!"

Arafa hakucheka. Aliutazama mkono wake uliohesabu zile sita.

"Basi nimeshusha juu ya kushusha," alisema. "Bosi, hakuna aliyeichezea. Ni mimi."

"Kosa ni langu, bosi," Augustine akadakia. "Niliandika vibaya. Muongezee risasi."

"Siongezi. Zimebaki mbili."

Arafa akapandisha sita, akalala tena, akaachia pumzi nusu. Bamba likalia. Akangoja upepo utulie, akangoja zaidi ya alivyohitaji. Likalia tena.

"Kesho njoo moja kwa moja karakanani," alisema Rodney.

Arafa akainuka, akijikung'uta mchanga, akamgeukia Augustine. "Na huyo binamu yako?"

"Yule? Anataka kazi ya hoteli. Bunduki anaziogopa kama nini!"

Kule mezani chai ilikuwa imepoa, imefanya utando. Arafa akainywa yote. Kisha akachukua kalamu, akaandika kwenye ubao wa ukutani: HAPA, JUU NI JUU.

Augustine akausoma, akajikuna kichwa. "Na mimi nikitaka kuandika ile yangu?"

"Usiandike, mwanangu. Njoo unambie."