Mwalimu Mkuu Akagua Simu

Mwalimu mkuu alikuwa amestaafu, ila ukuu wenyewe ulikataa kustaafu. Kwa kukosa wanafunzi, akaigeukia simu yake mpya. Siku hiyo binti yake, aliyejifungua juzi huko mbali, alikuwa ameahidi kumpigia kwa video amwone mjukuu wake wa kwanza. Simu basi ilitakiwa kuwa nadhifu.

Akakaa sebuleni, miwani puani, akaanza ukaguzi. Kwanza akazima data, kwani ukaguzi wa maana hauendeshwi huku wageni wanabisha hodi. Kalenda na saa akaziweka mstari wa mbele kwa nidhamu yao nzuri. Tochi akaipa ukiranja, maana hufanya kazi bila kusemeshwa mara mbili. Michezo yote akaisukumia ndani ya folda moja, akaiita Watukutu. Kisha akaifikia ile programu ya ujumbe, ambayo tangu alfajiri ilikuwa ikilia ting, ting, kundi la ukoo likipongezana.

"Mpiga kelele mkubwa wewe," akaiambia, akaiburuta kwa kidole hadi palipoandikwa Ondoa. Ikatoweka. Akajisikia kijana.

"Mwalimu, nikusaidie?" mkewe akauliza mlangoni.

"Mama, nimeongoza shule nzima. Nitashindwa na kitu cha kiganjani?"

Mkewe, aliyeishi na majibu ya aina hiyo tangu ujana wake, akaenda zake uani kuanika nguo.

Baada ya chakula cha mchana mwalimu mkuu akavaa tai, akaketi mbele ya simu. Kimya. Ndipo swali likamjia, taratibu na bila huruma: binti atapiga kwa kupitia programu gani? Akafungua Watukutu, haimo. Akapekua kurasa zote, haipo. Alikuwa amemfukuza shule yule yule ambaye angemletea mjukuu.

Kuomba msaada kulimuuma kuliko jino bovu. Akaizunguka meza, akakohoa, akarekebisha tai isiyo na kosa. Mwishowe akachungulia uani.

"Mama, naomba unisaidie."

Vibanio vya nguo vikamponyoka mkewe. Sentensi hiyo haikuwahi kusikika katika nyumba ile.

Akaja, akapandisha kidole kwenye kioo kutoka chini kwenda juu, na programu zote zikajitokeza, mpiga kelele akiwamo, mzima wa afya. "Umeiondoa mbele tu, hukuifuta. Na data nani kazima?"

Mwalimu mkuu akatazama dari. Mkewe akaiwasha, na simu ikapata kichaa. Binti alikuwa amepiga, akapiga tena, akachoka. Chini yake ulikuwepo ujumbe wa mkwe wao mwenye bucha, babu wa upande wa pili, akiutangazia ukoo mzima kwamba ameshamwona mtoto, na pua ni yake.

Mwalimu mkuu akampigia. Binti akatokea, macho mazito kwa uchovu, akageuza kamera. Lilionekana blanketi, na kisigino kimoja.

"Tulikungoja sana, Baba. Sasa amelala. Umechelewa."

Neno hilo la mwisho lilikuwa la mwalimu mkuu mwenyewe. Alilisema miaka nenda rudi, amesimama kwenye geti la shule na ufunguo mkononi, na asubuhi moja aliyebaki nje akilia alikuwa binti huyu huyu. Hakumfungulia.

"Usimwamshe," akasema. "Ila usikate, mwanangu. Nitangoja."

Binti akaiegemeza simu kwenye mto, kamera ikimwelekea mtoto.