Tarehe Thelathini na Moja ya Mwezi wa Tisa

Na ifahamike kwa wote walalao Bweni la Tatu, wa vitanda vya juu na wa vitanda vya chini, kwamba leo, tarehe mosi mwezi wa tisa, mtu wa kale amekufa na kuzikwa. Aliyebaki ni mtu mpya, mwenye malengo kumi na mawili, na Mungu ni shahidi.

Tangazo hilo lilibandikwa ukutani kwa dawa ya meno, kwa kuwa gundi ilikuwa imekwisha. Mwenye dawa hiyo hakujulikana. Mwenye tangazo alijulikana na kila mtu: Sumaku, aliyepewa jina hilo kwa sababu makosa yalimganda hata akiwa amelala.

Malengo yenyewe yalikuwa mazito. Kuamka saa kumi alfajiri na kuomba saa nzima. Kusoma Biblia yote kwa mwezi mmoja. Kutomcheka mtu. Kutochukua kitu cha mwenzako. Kumpenda mwalimu wa hesabu. Na mengine saba, ambayo Sumaku mwenyewe ilibidi ayasome ukutani ndipo ayakumbuke. Chini yake alichora chati: safu moja kwa kila lengo, mraba mmoja kwa kila siku, na tarehe yake ndani.

Siku ya kwanza aliamka kweli saa kumi. Akapiga magoti kando ya kitanda, akafumba macho, na kengele ya chai ikamkuta papo hapo, shavu kwenye godoro, udenda ukimtoka. Siku ya pili hata kengele hakuisikia. Siku ya tatu alikaa, akatafakari, akaona kwamba tatizo si yeye, tatizo ni chati. Akachukua kalamu, akajaza alama za vema za mwezi mzima kwa mkao mmoja, kisha akakata kipande cha manila cha kufunika siku ambazo hazijafika. Kila asubuhi alikisogeza mraba mmoja, kwa upole, kama mtu afunguaye pazia la madhabahu. Aliyeuliza mbona haonekani alfajiri aliambiwa kwamba mtu mpya huomba ndani ya blanketi.

Wenye dharau walisema hiyo ni nguvu ya soda. Wiki moja baadaye walewale walikuwa wakishusha sauti akipita. Hata Mchungaji wa shule alimshika bega baada ya ibada, akasema, "Nasikia habari zako njema, mwanangu." Sumaku akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Unyenyekevu ulikuwa lengo namba tisa.

Shida ikawa Kobe. Kobe alilala kitanda cha chini ya Sumaku, na aliitwa hivyo kwa sababu kila jambo alilifanya polepole. Alisoma kwa kidole, neno baada ya neno. Alikuwa katika darasa la ubatizo, na Jumapili ya mwisho wa mwezi ndiyo ilikuwa siku yao. Naye akanakili malengo yote kumi na mawili nyuma ya daftari la jiografia, akaanza kuyafuata. Walitofautiana kwa jambo moja tu: Kobe hakujua kulidanganya daftari.

Tarehe kumi na nne, baada ya vipindi, Sumaku alimkuta ameketi kitandani na karatasi mkononi.

"Barua ya nani hiyo? Umepata mchumba?"

"Ya Mchungaji. Naondoa jina langu kwenye ubatizo."

Sumaku akacheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha kicheko katikati. "We Kobe, una homa?"

"Sina. Tazama." Kobe akafungua daftari. "Siku kumi na nne, nimeamka mara nne. Kwenye Biblia bado niko na Nuhu, hata mvua haijaanza. Juzi nimemcheka mtu. Wewe huna hata doa, na wewe ni Sumaku! Kama Mungu amekuweza wewe halafu mimi bado niko hivi, basi mimi hanitaki."

"Achana na chati, bwana. Karatasi tu hiyo."

"Aliyeshiba ndiye husema njaa si kitu."

Akaondoka, kwa mwendo wake uleule. Kabla hajafika mlangoni Sumaku alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Kwa mwendo ule, hata hotuba ingetosha. Hakusema. Bweni zima lingemcheka mpaka likizo.

Dakika kumi baadaye aliitwa ofisini kwa Mchungaji, aje na chati yake. Barua ilikuwa mezani, imefunguliwa. Kobe alikuwa amesimama kando ya kabati la vitabu vya nyimbo.

"Nataka kuona malengo yanayofukuza watu kanisani," Mchungaji akasema.

Sumaku akaiweka chati mezani, kiganja chake juu ya manila. Mchungaji akaitazama, akatikisa kichwa kwa mshangao. Lakini kidole cha Kobe kilikuwa kimeshaanza safari yake, mraba baada ya mraba, kikaruka kiganja cha Sumaku, kikafika mwisho, ambako pembe ya manila ilikuwa imejikunja na mraba wa mwisho ukaonekana, na alama yake ya vema.

"Thelathini na moja," Kobe akasema. "Mchungaji, mwezi wa tisa si una siku thelathini?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi huyu tarehe thelathini na moja ameamka saa kumi, akaomba saa nzima."

Mchungaji akainama, akausoma mraba ule mwenyewe.

"Nilikuwa natembea kwa imani, Mchungaji," Sumaku akasema.

Mdomo wa Mchungaji ulicheza kidogo. Kobe hakucheka. Aliisukuma barua yake mbele zaidi. "Hata hivyo, zangu ni nne tu. Hizo hazibadiliki."

Hapo Sumaku akaacha utani. Akaiondoa manila yote.

"Si hiyo moja, Kobe. Ni zote. Nilizijaza siku ya tatu, huku natafuna karanga. Sijaomba hata asubuhi moja. Ile ya kwanza nililala nimepiga magoti. Wewe una siku nne, mimi sina kitu. Usijitoe kwa ajili ya uongo wangu, ndugu yangu."

Kobe akalifikiria jambo hilo, polepole.

"Hata mwalimu wa hesabu humpendi?"

"Hata chembe."

Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema, "Bwana alipotaka kulisha umati, aliwauliza kwanza wanafunzi wake wana mikate mingapi. Hawakujitapa kwamba wanayo mia. Kobe, hizo siku zako nne ndizo mikate yako. Panga kuamka mara mbili kwa wiki. Hilo umeshaonyesha unaliweza. Mengine yataongezeka. Na ubatizo si zawadi ya waliojaza chati. Ingekuwa hivyo, tungebatiza malaika tu. Na wewe, Sumaku, kusema kweli sasa hivi kumekuuma?"

"Sana, Mchungaji."

"Basi lengo lako ni hilo moja. Kila siku kweli moja, ile inayouma. Utaanzia bwenini leo, kabla ya chakula."

Akaanzia bwenini, na bweni likamcheka mpaka likizo, kama alivyotabiri. Kobe aliichukua barua yake, akaichana. Jumapili ya mwisho wa mwezi alibatizwa, akatoka majini polepole hivi kwamba Mchungaji ilibidi amvute.

Habari hii ingeishia hapo, na ingependeza. Lakini jana Kobe aliisoma, kwa kidole, na kidole kikasimama kwenye aya ya pili, pale penye maneno "mwenye dawa hiyo hakujulikana".

"Hakujulikana na nani?" akaniuliza.

Haya. Dawa ilikuwa ya Kobe, ilikuwa mpya, na aliyeiminya mpaka mwisho ni Sumaku, ambaye ndiye mimi ninayeandika. Kweli ya leo ndiyo hiyo. Ya kesho sijaijaza.