Siku Mwami Évariste Alipoomba

Ardhi ya Mwami Évariste, chifu wa kurithi kule Lushenyi katika vilima vya Kivu, ilikuwa pana kiasi kwamba mbuzi aliyezaliwa upande mmoja alifika upande wa pili keshaota mvi. Ndivyo watu wake walivyowasimulia majirani wa Bertrams, mtaa wa ugenini walikokimbilia, na hakuna aliyethubutu kuwapunguzia hata ekari moja. Vita vilimtoa huko, lakini cheo na ardhi vilibaki vyake. Sasa alilala chumba cha kupanga karibu na uwanja wa Ellis Park, na watu wa kwao wakimkuta kwenye ngazi za ghorofa walimpigia magoti, na mifuko yao ya unga mikononi.

Mwaka 2019 maduka yao yalivunjwa na kuchomwa na wenyeji waliowachukia wageni. Manispaa ikataka mwenyekiti wa kuzungumza naye, tena wa kuchaguliwa. Wa kurithi cheo haikuwa na habari naye. Wagombea wakawa wawili: Mwami, na Célestine, msusi wa mtaa jirani wa Doornfontein, ambaye mama yake aliwahi kunyang'anywa shamba na Mwami huyohuyo mara tu alipofiwa na mume.

Tatizo lilikuwa mila. Mwami hutoa, haombi. Akiomba mbele ya watu wake, hata maji ya kunywa, cheo kimemtoka; kinamwendea mdogo wake pamoja na ardhi yote. Ndiyo maana alikuwa na msemaji, Damien, wa kumwombea kila kitu mpaka chumvi ya mezani.

Siku ya uchaguzi, katika ukumbi wa kanisa, Damien akasimama. "Mwami anawatazama kwa wema..."

"Kaa chini, papa Damien," akasema Célestine. "Kwa manispaa pia utaenda naye? Yeye akohoe, wewe utafsiri?"

Watu wakacheka, kisha wakaona haya.

"Baba Mwami, mimi najitoa, watu wangu watakupa kura. Ila uombe kwa kinywa chako mwenyewe."

Évariste alimfikiria mdogo wake, Théodore. Alilifikiria kaburi la baba yao kule kilimani. Kisha akamwona Agnès, muuza vitenge ambaye duka lake lilibaki majivu, ameketi mstari wa mbele, hana cha kushika mikononi. Akainuka taratibu.

"Naomba," alisema. "Naomba kura zenu."

Mikono yote ikainuliwa. Hakuna aliyeshangilia. Damien alijifunika uso kwa kofia yake, akalia kama aliyefiwa.

Nje, Célestine alimfuata mpaka kwenye roboti, zile taa za barabarani, wakasimama kungoja ziwaruhusu kuvuka.

"Mwenyekiti, unirudishie shamba la mama."

"Ungesema jana ningekupa, binti yangu. Leo ni la Théodore."

"Basi mwombe Théodore. Kuomba si umeshaanza?"

Taa ikawaka kijani. Watu wakavuka, wao wakabaki palepale. Évariste akatoa simu, akaanza kulitafuta jina la mdogo wake.