Kilima cha Nyasi Fupi

Kujua jambo na kulinyamazia kulimshinda Mwalimu Kanyinda maisha yake yote. Alifundisha biolojia Kolwezi miaka thelathini, na alipostaafu akabaki na msikilizaji mmoja: jirani yake Hamadi, mfuga mbuzi.

Mwezi wa Agosti, bonde lote likiwa limekauka, Hamadi alimpeleka kwenye kilima anakolisha, njia ya Mutshatsha. Hapakuwa na mti, ila nyasi fupi zilikuwa zimechipua kabla ya mvua. Mwalimu aling'oa shina, akaeleza kwa furaha: nyasi hizihizi bondeni hufika kiunoni, hapa udongo una shaba inayoua miti, nazo zimezoea, zikabaki fupi.

Hamadi akacheka. "Mwalimu, mbuzi yangu haina lazima ya masomo. Inakula tu."

Mwalimu angeishia hapo. Lakini ulimi hauna mfupa. Jumapili, akinywa bia na Tharcisse, mkubwa wa wachimbaji, alitaka aonekane bado ana akili. Akasema pasipo miti, penye nyasi fupi, chini kuna shaba. Akakitaja na kilima chenyewe. Tharcisse na wenzake wakampigia makofi.

Wiki mbili baadaye kilima kilikuwa na uzio na mashimo, bila unyasi hata mmoja. Mbuzi sita wa Hamadi walikufa njaa, na mbuzi ndio waliolisha nyumba yake tangu lori lake liharibike.

Asubuhi moja Hamadi akabisha. "Mwalimu, weye njo unajuaka majani, si mimi. Unionyeshe fasi ingine ya kulisha."

Mwalimu aliacha chai mezani, akavaa viatu. Walitembea mpaka bonde moja lenye nyasi ndefu, kavu kama mifagio. Mwalimu akapiga magoti, akafunua shina: ndani kulikuwa kubichi.

"Iko muzima," alisema. "Tukichoma sasa, itatoa majani mapya mbele ya mvua." Kisha machozi yakamtoka. "Hamadi, kuna kitu mi nataka kukuambia."

"Juu ya kilima?" Hamadi alikuwa akitafuta kiberiti mfukoni. "Mi nilijua siku ile balifika na bapiki ya kuchimba. Nilionyeshaka weye peke yako."

"Na hukusema?"

"Nilingoja weye useme. Mbuzi ya kwanza ikakufa, nikangoja. Ya sita ikakufa."

"Unisamehe, ndugu yangu."

"Nimesamehe." Hamadi akawasha kiberiti. "Lakini nikipata kilima ingine, sitakuonyesha."