Mkono Ulioshika Upanga wa Vajragiri

"Nikiunga picha mimi," Yadagiri alipenda kusema, miguu juu ya meza, kikombe cha chai kimekaa kifuani, "hata daktari wa mifupa aje na miwani yake, mshono hauoni."

Na siku hizo alikuwa na sababu ya kutanua kifua. Kati ya wachora mabango wote wa Hyderabad, yeye ndiye aliyekabidhiwa bango la kwanza la filamu ya Vajragiri, sehemu ya tatu. Sehemu mbili zilizotangulia zilijaza majumba ya sinema mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Tena mzee Satyamurthy, mwenye studio, alimwahidi jambo ambalo hajawahi kumwahidi mtu: bango likipita, pale chini kabisa, baada ya fundi cherehani na mpiga ngoma, litaandikwa jina la Yadagiri. Miaka yote jina lililokaa pale lilikuwa la mzee mwenyewe. Yadagiri alishampigia simu mama yake kule Jangaon. Mama alishawatangazia majirani. Hapo hapakuwa tena na kurudi nyuma.

Bango lenyewe lilikuwa zuri, tusimnyime haki yake. Ranadhir, shujaa wa filamu, kasimama peke yake kwenye mvua ya buluu, mikono kaikunja kifuani, na nyuma yake ngome inaungua taratibu. Ukilitazama unatafuta shuka.

Halafu akaja shemeji.

Phanindra alikuwa kaka wa mke wa Ranadhir, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake duniani. Alikuja na rula mkononi, ya kupimia vichwa.

"Kichwa cha Babu kiko wapi hapa?" aliuliza. Babu, yaani bwana kwa lugha ya kwao, ndivyo wote walivyomwita Ranadhir.

"Hicho hapo, Phanindra Garu," Yadagiri alijibu, na hiyo "Garu" ya heshima hakuisahau.

"Hiki? Nilidhani nazi. Kikuze! Mashabiki wanapima, kijana. Mara ya mwisho mwovu alimzidi Babu kidole kimoja tu, tukatukanwa mpaka na wauza mboga."

Kichwa kikakuzwa, kikaimeza mvua. Kesho yake prodyuza akapiga simu: yule nyota wa Mumbai anayecheza mwovu ana mkataba wake, kichwa chake lazima kiwepo, na kisipungue nusu ya kile cha Babu. Kwa kuwa cha Babu kilikuwa kimeshanenepa, na hicho kikaja kinene. Vichwa viwili vikaila ngome. Mnajimu wa prodyuza akatuma ujumbe kwamba buluu itaizamisha filamu, iwekwe rangi ya chungwa. Mvua ya rangi ya chungwa! Mwongozaji naye hakutaka kupitwa, akaomba chui.

"Kwani kwenye hadithi kuna chui?" Yadagiri aliuliza.

"Hayupo. Ila sehemu ya nne anaweza kuja, nani ajuaye?"

Yadagiri alikata simu, akauma kalamu mpaka ikapasuka.

"Mwanangu," mzee Satyamurthy alimwambia huku akichovya biskuti kwenye chai, "bango ni kama harusi. Bibi harusi ni wako, lakini biriani wanaichagua wajomba."

"Mzee, hapa hata bibi harusi wamembadilisha. Nimeletewa chui."

Biskuti ikakatikia kwenye chai. Mzee akaifuata na kijiko.

Chui akaingia. Yadagiri akadhani yamekwisha, kumbe shemeji alikuwa njiani.

"Mikono kaikunja ya nini? Anasubiri basi?" Phanindra aliigonga skrini kwa rula. "Ainue upanga juu!"

"Hatuna picha yake akiinua upanga. Tumwombe Babu aje apigwe moja tu."

"Babu yuko Ulaya, anatibiwa goti. Tafuta ulizonazo. Na unisikilize vizuri: usije ukanibandikia mkono wa mtu baki. Sehemu ya pili kuna mjinga alimvisha Babu kifua cha mwanamitindo, mashabiki wakagundua. Mahasimu wetu walituimbia kifua kile mwaka mzima, mpaka kwenye mechi za kriketi! Kila ukucha uwe wa Babu. Nikikuta ukucha mgeni, jina lako nalifuta, na studio hii Vajragiri itaisikia redioni."

"Kila ukucha," Yadagiri akaapa, kiganja juu ya picha ya mungu wa kike Lakshmi ukutani.

Akazama kwenye picha. Babu mikono mfukoni. Babu kashika simu. Babu kavaa glavu. Babu kabeba mtoto wa watu, na mtoto kamfunika vidole vyote. Mamia ya picha, na hakuna hata moja ambayo Babu kakunja ngumi juu. Sikukuu ya kuzaliwa kwake, siku ya kutolea bango, ilikuwa keshokutwa, na prodyuza alishapiga simu mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Mzee alikuwa ametoka kwenda hekaluni. Yadagiri akatukana, kwanza rula, kisha chui. Halafu akafunga mlango, akaisimamisha simu juu ya makopo ya rangi impige picha, akachukua ufagio wa pembeni na kuuinua juu kwa hasira. Hasira hakuhitaji kuigiza.

Mkono ukatoka safi. Akaupaka rangi ya ngozi ya Babu, akauvisha bangili, akautilia mishipa, ufagio ukageuka upanga.

Phanindra aliuvuta karibu kwenye skrini, akautazama kwa muda mrefu, macho yakamlowa. "Huu ndio mkono! Mishipa ya ukoo hii!"

Ukoo gani, na wewe ni shemeji tu? Yadagiri aliyameza hayo pamoja na mate.

Siku ya sikukuu, bango lilisimamishwa mbele ya sinema, refu kama ghorofa tatu. Ngoma, maua, madebe ya maziwa. Vijana wamepanda ngazi wanamwogesha Babu wa bangoni kwa maziwa, kama sanamu ya hekaluni. Mama yake Yadagiri alikuja na basi la asubuhi, asumini kwenye nywele. Yadagiri alimshika kiwiko akimpenyeza kwenye umati. Bango lilimtia aibu, mvua yake ya chungwa na vichwa vyake vya kupimwa kwa rula. Kilichobaki chake ni jina tu.

"Pale chini, mama. Kushoto. Dogo kama sisimizi, lakini lipo."

Mama hakutazama chini. Alikuwa ameinua uso juu kabisa, maziwa yalikokuwa yakichuruzika kwenye vidole vilivyoshika upanga.

"Kile kidole," alisema.

"Mama, jina liko huku."

"Kidole cha mwisho kimepinda kwa nje, kama cha marehemu baba yako. Yadi! Wamekuweka wewe!"

"Mama, taratibu..."

Ngoma zilikuwa zimetua wapigaji wapumue. Mama akamgeukia mtu wa heshima aliyekuwa karibu, mwenye shati jeupe, shada la maua shingoni na jagi la maziwa mkononi. Alikuwa Phanindra.

"Baba, ule mkono ni wa mwanangu huyu! Nimeuzaa mimi! Mmwagieni vizuri!"

Phanindra akatazama juu. Akatazama chini. Yadagiri alikuwa ameshautia mkono wa kulia mfukoni.

"Toa mkono," alisema Phanindra.

"Phanindra Garu, mama ametoka safari, jua lenyewe kali..."

"Jua gani?" mama akamkatiza huku akimvuta kiwiko. "Toa mkono, mwanangu, mzee huyu auone. Haya ya nini?"