Cherehani ya Mama Luseno

Kungoja hunishinda. Hata chai siwezi kuingojea ipoe, nitaunguza ulimi tu. Sasa fikiria watu wa kanisa la Everline walivyonitenda. Jumapili ya mavuno walinipigia makofi nilipoinunua cherehani ya Mama Luseno kwenye mnada, wakaniimbia, dalali akanishika mkono. Nilipouliza nitaibebaje hadi kwangu Umoja, wakaniangalia kana kwamba nimeuliza nitaibebaje madhabahu.

Everline ndiye aliyenipeleka. Ni jirani yangu, chumba chake na changu vimegawanywa na ukuta wa mbao katika mojawapo ya zile nyumba za Umoja ambazo wenyewe wameziongezea vyumba mpaka zimekaribia kuingia barabarani. Yeye Mluhya, mimi Mkamba. Aliniambia kanisa lao kule Dandora lina mavuno: watu wanaleta kuku, ndizi, vyombo, vinauzwa kwa mnada ili wapate mabati ya paa.

"Na kuna cherehani," akasema. "Ya miguu. Nzima kabisa."

Hakuhitaji kuniambia mara ya pili. Mwaka huo wa tisini na sita nilikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha nguo Industrial Area. Kibarua ni kusimama langoni asubuhi na wenzako, msimamizi atoke, anyooshe kidole, wewe na wewe, wengine mrudi kesho. Najua kushona. Nashona kuliko wengi waliokuwa wakiingia huku mimi nikibaki nje, na nilikuwa nimechoka kuchaguliwa kama nyanya. Nilitaka mashine yangu, mlango wangu na wateja wangu. Zamu yangu ya kupokea mchango wa chama cha akina mama ilikuwa imefika, nikabeba pesa yote nikaenda nayo kanisani.

Aliyeshindana nami alikuwa mmoja tu, bwana aliyeitwa Javan, amevaa tai nyekundu. Aliongeza kidogo kidogo, bila haraka, kama mtu anayejua mwisho wake. Mimi nikaongeza kwa pupa. Alipofika mahali akanyamaza na kumtazama mama mmoja mwembamba kwenye benchi la kwaya, na mama yule akatazama sakafu. Mzee Naftaly, dalali, aliita mara ya tatu polepole mno. Nilidhani anapenda sauti yake. Nikalipa papo hapo, taslimu.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani mikono mitupu ndipo Everline aliponieleza.

"Mukai, ulifaa kuirudisha."

"Kurudisha nini?"

"Cherehani. Kwetu ukinunua kitu kikubwa unasimama unasema, nakirudisha kwa mwenyewe, Mungu ambariki. Ndiyo sadaka yako. Redio ya mzee Naftaly imeuzwa mavuno matatu na bado anaisikiliza kila jioni. Yule Javan ni shemeji yake Mama Luseno. Walikuwa wameelewana anunue, amrudishie."

"Na wewe hukuniambia?"

"Si nilidhani kila mtu anajua."

Nilisimama katikati ya njia. Kwetu mtu akinunua mbuzi anaondoka na mbuzi. "Mimi sikutoa sadaka," nikamwambia. "Mimi nilinunua."

Kesho yake sikwenda langoni. Nilikwenda kwa mzee Naftaly. Alinikaribisha vizuri, akaniita binti yangu, akasema Mama Luseno hajakataa, ila moyo wake haujatulia. Nikasema wangu pia haujatulia. Kama mwenye kitu amebadilisha nia, basi nirudishiwe pesa, tuachane kwa amani. Mzee akanipeleka hadi kanisani, akaninyooshea kidole juu. Mabati yalikuwa yameanza kupigiliwa tangu alfajiri, yanang'aa. Pesa yangu ilikuwa pale, na misumari juu yake. Nusura niombe ngazi.

Nikaenda kwa chifu. Karani wake alinisikiliza huku akipuliza chai.

"Sasa unamshtaki nani? Huyu mama ama Mungu?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Akaniambia mambo ya kanisa yamalizwe kanisani, akamwita mwingine. Jumapili iliyofuata nikarudi kanisani nikayamalize mbele ya mchungaji. Hakuna aliyekaa karibu nami. Watu walinisalimia kwa ncha za vidole. Everline akaninong'oneza niachane nayo, nitabarikiwa kwa njia nyingine, nikamwambia baraka haina pedali.

Ile wiki ya pili sikulala wala sikula vizuri. Nilikuwa nikiinuka, nikikaa, nikifagia chumba kilichokwisha kufagiwa. Langoni nilikwenda siku moja tu, sikuchaguliwa, na sikushangaa, maana uso wangu ulikuwa wa kutaka vita. Jumamosi nikasema basi. Nikamtafuta Nzuki, kijana wa kwetu mwenye mkokoteni, tukaenda Dandora kuchukua mali yangu.

Mama Luseno alikuwa anaishi chumba kimoja ndani ya ploti ya vyumba vya kupanga, mlango wazi, cherehani imewekwa mlangoni ili ipate mwanga. Upepo ulikuwa unaleta moshi wa jalala. Yeye alikuwa anashona sare ya shule, ya buluu, na miguu yake haikusimama aliponiona.

"Karibu, dada. Keti. Ngoja nimalize hii."

Nikaketi. Akaimaliza, akakata uzi, akaichukua nyingine. Ndipo nilipoliona rundo kitandani, la buluu tupu, limefika usawa wa dirisha. Akaimaliza ile pia, akanyoosha mkono tena.

"Sister," Nzuki akaniita kutoka nje, "hii ni trip ama ni kukesha? Mimi nakula kwa magurudumu."

Damu ikanichemka. "Mama Luseno, unanichezea. Uliitoa mwenyewe, mbele ya watu. Nimelipa. Leo naondoka nayo."

"Utaondoka nayo." Hakuinua macho. "Shule zinafungua Jumatatu. Hawa akina mama walinilipa kabla ya mavuno. Nikikupa asubuhi hii, watoto wao watavaa nini?"

"Si ungeniambia hivyo tangu mwanzo."

"Ulikuja kwangu mwanzo?"

Nilikuwa nimekwenda kwa dalali, nimekwenda kwa chifu, nimekwenda hadi mbele ya mchungaji. Kwa mwenye cherehani sikuwa nimefika. Nilikasirika zaidi kwa sababu alikuwa na haki, na kukaa nikimtazama kulikuwa kunanitia wazimu. Nikamlipa Nzuki kidogo akatafute chai. Nikavuta sindano kwenye mto wake wa sindano, nikachukua sare zilizokwisha kupita kwenye mashine, nikaanza kupiga pindo kwa mkono na kushikiza vifungo. Si kwa huruma. Nilitaka rundo liishe.

Mara moja aliichukua kazi yangu, akaigeuza ndani nje, akairudisha, akanisogezea nyingine. Aliniambia wazee walitaka kila mama alete kitu cha maana, na wenzake walileta mbuzi na masufuria makubwa, naye hakuwa na kingine cha maana. "Nilimtegemea Javan," akasema. "Pesa zake ziliishia pale aliponyamaza." Akaendelea kukanyaga pedali.

Alasiri rundo likaisha. Akasimama, akajishika kiuno, akachukua kitambaa na mafuta akaifuta mashine yote, hata chini ambako hakuna anayeangalia. Akanionyesha skrubu moja inayolegea. Akafungua mkanda, mimi nikashika kichwa cha mashine, yeye na Nzuki, aliyekuwa amesharudi, wakabeba meza yake. Tuliifunga kwa kamba kwenye mkokoteni. Nilifurahi, siwezi kuficha. Nilishaiona mlangoni kwangu, nimeshachora kibao kichwani.

Mama Luseno alikuwa ameshika ukingo wa mkokoteni. Nilidhani sasa ndipo atakapolia, nikajikaza.

"Jumatatu nije saa ngapi?" akaniuliza.

"Uje wapi?"

"Kwako. Wateja wa sare wananijua mimi, nitawaleta. Kukata najua, pasi najua, utanilipa vile utaona." Aliongea taratibu, akitazama kamba, si mimi. "Ama una mtu mwingine?"

Nzuki akageuza uso upande wa barabara. Mimi najua jinsi mtu anavyosimama akiuliza swali lile, miguu imekusanywa, sauti imeshushwa ili isimuudhi mtu. Miaka minne nilisimama hivyo langoni. Nikaona aibu, na nikataka kumwambia aje wakati wowote anaotaka, aje kama mwenye nyumba.

"Saa moja," nikasema. Na kabla sijauzuia mdomo wangu nikaongeza, "Usichelewe."